Fataki Iliyofunguka Nusu

Nasambu aliomba sauti izimwe. Muziki wa harusi humfanya mtu aone anachotaka kuona, na yeye alikuwa ameitwa aone kilichopo.

"Irudishe nyuma kidogo," alimwambia Jepkemboi. "Pale fataki zinapoanza."

Walikuwa watatu sebuleni, katika nyumba ya kupanga mtaani Pioneer. Jepkemboi, nesi kijana, alikuwa bibi harusi wa mwezi uliopita. Baba yake, Mzee Kipyego, alikaa pembeni ameigeuzia televisheni bega, kama mtu aliyeketi karibu na jiko linalomchoma. Nasambu mwenyewe alikuwa mpelelezi wa polisi aliyestaafu, ambaye siku hizi aliwafanyia watu uchunguzi wa binafsi akiwa katika chumba cha mbele cha nyumba yake katika mtaa wa West Indies, mji huo huo. Wengi waliomjia walitaka kujua mume analala wapi. Ombi la Jepkemboi lilikuwa la namna nyingine kabisa, na alilikubali kabla chai haijaletwa.

Kwenye skrini anga lilikuwa jeusi. Fataki ilipanda, ikapasuka, na ndani ya cheche zake, badala ya mwanga mtupu, vikaonekana vipande vya picha: jicho, kola ya shati, kona ya tabasamu. Cheche zikatawanyika na picha ikatanuka pamoja nazo mpaka ikajaa skrini nzima: bwana harusi akiwa mtoto, amepanda baiskeli inayomzidi kimo. Giza likarudi, fataki nyingine ikapanda. Jepkemboi na sare ya shule. Mzee Kipyego, kijana bado, kando ya trekta. Kisha ya mwisho, ya rangi ya dhahabu, ikapasuka, na ndani yake akatokea mwanamke wa uso mwembamba mwenye mwanya, akicheka. Cheche zikazimika, naye akaondoka nazo.

Picha hiyo hakuna mtu wa familia aliyeitoa. Selina, mama yake Jepkemboi, alifariki ghafla binti huyo akiwa bado anatambaa, na mwaka uliofuata nyumba yao ya Cheptiret iliteketea pamoja na kila karatasi iliyokuwa na sura yake. Jepkemboi alikua bila kujua amefanana na nani. Siku familia ilipokusanyika kutazama video, fataki ya mwisho ilipopasuka, Mzee Kipyego alisimama wima na kutamka jina la mkewe. Watu walilia, wakaomba, wakamshukuru Mungu.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Collins alipofungua kinywa. Collins alikuwa kaka wa bwana harusi, mtu wa kompyuta anayefanya kazi Nairobi, na aliwaeleza kwa upole kwamba siku hizi AI inaweza kuchukua sura ya binti na sura ya baba, ikatoa sura ya mama ambaye hajawahi kuwepo duniani. Mpiga video, alisema, alisikia bibi harusi hana picha ya mama yake, akaamua kumtengenezea moja ili asifiwe. Aliyaandika hayo hayo katika kikundi cha WhatsApp cha kamati ya harusi, na kutoka hapo maneno yakapata miguu.

"Mzee," Nasambu alisema, "wewe ndiye ulimjua. Ni yeye ama si yeye?"

Mzee Kipyego aliigeuza kofia yake magotini kabla ya kujibu.

"Siku ile ningeapa. Sasa sijui. Nikifunga macho namwona huyu wa video. Yule wangu simpati tena. Kama hii kitu ni ya kutengenezwa, basi wamenichukulia hata kile kidogo nilikuwa nimebaki nacho."

Jepkemboi alimshika baba yake mkono. Alimwambia Nasambu kwamba hakutaka mtu ashtakiwe. Alitaka kujua kama yule ni mama yake.

"Na kama ni yeye," alisema, "nataka kujua ni nani nimpelekee asante. Kitu kama hicho, mtu hawezi kupewa halafu anyamaze."

Nasambu aliomba video irudiwe, na safari hii akamwambia Jepkemboi asitazame uso, atazame giza. Walitazama. Kila fataki ilianza ndogo, ikatanuka mpaka pembe zote nne za picha zikawaka. Ile ya dhahabu peke yake ilitanuka kidogo upande wa kulia na juu, kisha ikasimama. Upande wa kushoto na sehemu yote ya chini zilibaki nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho.

"Imefunguka nusu," Nasambu alisema.

"Labda alikosea."

"Amepatia hizo zingine zote. Hapa hajakosea. Hapa kuna kitu hakutaka tuone."

Studio ya Mungai, yule mpiga video, ilikuwa ghorofa ya juu katika jengo moja katikati ya mji, chumba chenye mapazia mazito na kompyuta mbili zilizokuwa zikinguruma. Mungai mwenyewe alikuwa kijana mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Kabla Nasambu hajaketi alishaambiwa kwamba maelezo yamekwisha, kwamba maharusi waliokuwa wamempa kazi ya Desemba wamehamia kwa mwingine, na kama amekuja kumtukana basi ajue amekuta foleni. Nasambu alimjibu kwamba amekuja kufundishwa. Aliomba aonyeshwe jinsi fataki inavyoweza kufungua picha.

Mtu anayeipenda kazi yake hawezi kukataa ombi kama hilo. Mungai alivuta kiti. Alimwonyesha video ya fataki iliyopigwa juu ya weusi mtupu, akaiweka juu ya picha kama mtu anayefunika sufuria, kisha akaiamuru kompyuta: palipo na mwanga, picha ionekane, palipo na giza, ijifiche. Mara cheche zikageuka kuwa matundu, na nyuma yake uso ukachungulia. Kilichobaki, alieleza, ni kuukuza mwanga polepole mpaka giza liishe. Kila picha aliipangia mlipuko wake uanzie machoni, kwa sababu mtu akitazama picha hutafuta macho kwanza. Alipokuwa akieleza hayo, mabega yake yalishuka na sauti yake ikapata uhai.

"Na hii ya mwisho," Nasambu aliuliza, "mbona mwanga haukukuzwa?"

"Hiyo niliacha tu hivyo. Style."

"Hebu zima fataki. Niache na picha peke yake."

Mkono wa Mungai ulisita. Mwishowe kijana akabonyeza. Giza likaondoka.

Picha ilikuwa imekatwa chini ya kola ya gauni na kando ya bega. Mwanamke yule yule, mwanya ule ule. Lakini juu ya bega lake, upande ambao fataki haikufika, kulikuwa na vidole vinne vya mtu mwingine, ncha zake zimeiva kwa hina.

Nasambu aliuliza maswali yake moja baada ya jingine, bila haraka. AI ilitumika? Mungai alikubali kwamba ilitumika: picha ilikuwa na madoa na mikunjo, akaisafisha. Ndiyo sababu ngozi ilikuwa laini kupita kiasi, na ndiyo sababu hakuthubutu kumjibu Collins, maana angekubali hilo hakuna ambaye angesikiliza lingine. Picha yenyewe iko wapi? Hakuwa nayo. Ilikuwa ya karatasi, mwenye picha aliketi kwenye kiti kile pale mpaka kazi ikaisha, akaondoka nayo. Na nakala ya kwanza, kabla ya kukatwa? Ameifuta.

"Unafuta kitu ambacho kinaweza kukuokoa?"

"Niliahidi nitafuta, nikafuta. Na niliahidi sitasema ni nani. Madam, hata ukiniuliza mpaka jioni tutachoshana bure."

Nasambu akamweleza Mungai anavyoona mambo. Anayebuni sura ya marehemu ili amfurahishe bibi harusi hubuni sura, basi. Habuni mkono wa mgeni begani, akaupaka hina, halafu akahangaika kuuficha gizani. Mtu huficha kilichopo. Picha ilikuwa ya kweli, na hilo angelisema Pioneer jioni hiyo hiyo, mbele ya Collins akitaka.

Mungai aligeuza uso dirishani. Akasema asante kwa sauti ndogo. Nasambu akapiga picha ya vile vidole kwa simu yake, akashuka ngazi.

Alilisema, kama alivyoahidi. Collins, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alitumiwa ile picha ya vidole, akaikagua kwa utaalamu wake wote, na kabla ya chakula cha jioni alikuwa ameandika katika kikundi kile kile kwamba alikosea na anaomba radhi. Lakini Mzee Kipyego alitikisa kichwa. Picha inaweza kuwa ya kweli, alisema, na kompyuta ikawa imeinyoosha mpaka ikawa mtu mwingine.

Basi Nasambu akampa simu aitazame hina. Ni mkono wa nani huo? Mzee alisema hakuujua. Dada zake hawakuwahi kupaka hina, wala mtu yeyote wa kanisani kwao. Miaka ile yeye aliendesha trekta katika mashamba ya ngano ya Moiben, akirudi nyumbani msimu ukiruhusu. Selina alikuwa akishona nguo mjini, kwenye veranda ya duka la vitambaa la Wasomali, mtoto mgongoni. Kulikuwa na binti wa mwenye duka aliyemtaja kila mara. Dija, alimwita. Dija amesema hivi, Dija amecheka vile.

"Hukumwona hata siku moja?"

"Sikumwona. Selina alipotutoka nilimchukua mtoto nikaenda kwa mama yangu. Sikuaga mtu yeyote mjini. Nilikuwa kijana, sikuwa najua kufiwa."

Nasambu alimgeukia Jepkemboi. Nani, nje ya familia na kamati, alijua kwamba hana picha ya mama yake, na akajua pia video inatengenezwa na Mungai? Jepkemboi alisema hapana mtu. Kisha akajirekebisha. Alipoenda kununua kitambaa cha nguo za wasimamizi, alimwambia mama wa dukani kwamba angependa rangi ambayo mama yake angeipenda, ila ataijuaje, na hata uso wake haujui kwa kuwa nyumba ya Cheptiret iliungua na kila kitu. Yule mama aliacha kukata. Makasi yalibaki katikati ya kitambaa. Aliuliza jina la baba, kisha akauliza ni nani anapiga video.

"Nilifikiria ako na kijana anamtafutia kazi," Jepkemboi alisema. "Halafu akaniongezea kitambaa juu ya kile nilinunua. Nikimuuliza ni cha nini, ananiambia niende salama."

"Na mikono yake?"

Jepkemboi aliichukua ile simu kwa baba yake, akaisogeza karibu na macho.

"Iko na hina," alisema.

Lilikuwa duka refu na jembamba nyuma ya soko, vitambaa vimepangwa mpaka darini. Wateja walimwita mwenyewe Mama Bashir. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, amevaa hijabu pana ya kijani, akipima vitambaa kwa rula ya mbao bila kuitazama. Nasambu alingoja hadi duka lilipopungua watu. Hakujifanya mnunuzi. Alitaja jina lake na kazi yake, akaiweka simu juu ya meza ya kukatia.

Khadija, kwa maana hilo ndilo jina alilopewa na wazazi, alivitazama vidole vya ujana wake.

"Mungai amesema?"

"Amekataa kusema. Watu wamemwita mwongo, amenyang'anywa kazi, na bado amekataa."

Khadija hakuwa na habari. Maneno ya kikundi cha harusi hayakuwa yamefika kwake. Aliketi juu ya robota la kitambaa, akasema kama anayejiuliza mwenyewe kwamba kijana wa watu anaumia kwa kulinda neno lake. Kisha kabla ya kueleza jambo lolote akachukua simu yake, akampigia Mungai, akamfungua kutoka katika ile ahadi na kumwomba msamaha. Akamwambia pia kwamba binti zake watatu wataolewa kwa kamera yake na si ya mwingine, Mungu akipenda.

Ndipo akasimulia. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, homa ilimwangusha. Alilazwa majuma mengi, maziwa yakakauka, na maziwa ya kopo mtoto aliyatapika yote. Bibi yake mtoto alikuwa akimzungusha humu dukani akilia, amekuwa mwepesi kama kitambaa cha bitana. Selina alikuwa pale verandani kwenye cherehani, na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Alisimamisha cherehani, akasema mleteni hapa. Tangu siku hiyo alinyonyesha wawili, huku mmoja na huku mmoja, mpaka Khadija akarudi nyumbani, na hata baada ya hapo, mpaka mtoto akapata nguvu. Wazee wa Khadija walipotaka kumpa kitu, alicheka akasema maziwa hayapimwi kwa rula.

"Nilipopona nikawapeleka studio tukapigwa picha. Haikupita muda nikaambiwa Selina amefariki. Nilienda Cheptiret baadaye kumtafuta mtoto, nikakuta majivu. Majirani wakasema baba yake amemchukua, hawajui wapi. Kisha juzi mlango unafunguka, Selina anaingia dukani anataka kitambaa cha harusi."

Nasambu aliuliza mbona akaificha.

Khadija alisema kwanza, katika picha ile alikuwa msichana, kichwa wazi, na hakutaka kuonekana hivyo kwenye skrini kubwa mbele ya watu. Na pili, mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Ukijitangaza umejilipa mwenyewe.

"Neno hilo hata kanisani kwetu tunalisoma," Nasambu alisema. "Lakini ni la sadaka. Wewe, Mama Bashir, hukutoa sadaka. Ulikuwa unarudisha." Kisha akamweleza habari za Mzee Kipyego, jinsi alivyokuwa akifunga macho na kumkosa mkewe. "Mimi naweza kumwambia picha ni ya kweli. Nimeshamwambia. Haimsaidii. Hiyo karatasi ndiyo itamsaidia."

Khadija aliunyoosha ukingo wa kitambaa kilichokuwa mbele yake, akaunyoosha tena.

"Walete," alisema. "Lakini ya maziwa usiwaambie. Hiyo ni yangu kusema."

Walikuja alasiri hiyo, duka likiwa limeshushwa mlango nusu. Mzee Kipyego alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Njia nzima Jepkemboi alikuwa akiyapanga maneno ya shukrani, akimwuliza baba yake lipi litangulie.

Khadija alitoka chumba cha ndani na kitu kilichofungwa kwa leso, akampa Mzee kwanza. Ilikuwa picha katika fremu, karatasi imepauka, doa limepita kwenye paji la uso. Ngozi haikuwa laini. Mzee aliipeleka penye mwanga wa mlango. Alipitisha kidole juu ya kioo mpaka kikafika kwenye kola ya gauni, ambayo upande mmoja ulikuwa umesimama.

"Alijishonea," alisema. "Hii kola ilikataa kulala. Kila Jumapili anaipiga pasi, kila Jumapili inasimama." Akacheka, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. "Ni yeye. Ni yeye huyu. Kongoi, mama, asante. Kongoi mising."

Ndipo Jepkemboi akaipokea, akaiona nzima. Mama yake ameketi. Nyuma yake amesimama msichana mwenye nywele nyingi, mkono begani. Na mapajani mwa Selina, pale ambapo fataki haikufika, kulikuwa na watoto wachanga wawili, mmoja kila mkono, wanene, vinywa wazi.

"Huyu ni mimi?"

"Wa kulia ni wewe," Khadija alisema. "Hukuwa na nywele hata moja."

"Na huyu mwingine?"

Khadija aliita jina kuelekea stoo. Akatoka mwanamume mrefu mwenye ndevu fupi, nyuzi za kitambaa zimemganda shatini. Ndiye aliyeendesha malori ya familia, na siku hiyo alikuwa akipakua mzigo. Alimpa Mzee mikono yote miwili. Kwa Nasambu na Jepkemboi aliweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa, kama alivyowasalimu wanawake wote wasio wa nyumba yao.

"Bashir, huyu usimsalimie hivyo," mama yake alisema. "Huyu ndiye Jepkemboi. Wa Selina. Mlinyonya ziwa moja."

Kisha akawageukia wageni na kuwaeleza, kwa utaratibu, kwamba katika dini yao watoto walionyonyeshwa na mwanamke mmoja ni ndugu, sawasawa na waliozaliwa tumbo moja, na hakuna mlango wa nyumba yake ambao Jepkemboi atabisha tena.

Jepkemboi alikuwa na maneno yake tayari. Alifungua kinywa kumwambia Khadija kwamba amekuja kushukuru. Lakini Bashir, ambaye tangu alipojua kusali aliambiwa asimalize dua bila kumtaja mwanamke wa Cheptiret, alishusha mkono kutoka kifuani, akaunyoosha pamoja na mwenzake, akaishika mikono ya Jepkemboi yote miwili.

"Dada," alisema, "wananiambia nilikuwa mlafi. Asante kwa kunigawia."